Maiti wa Kidato cha Sita

Zaituni, katika zile funguo nilizokukabidhi, ya stoo ya maleba ni ile niliyoifunga kipande cha kanga. Ile ndogo sijui ni ya nini. Niliikuta, na mimi nimekuachia.

Siku ya kuniaga mlisema maneno mengi, mengine ya kweli, mkanipa chupa ya chai na kitenge. Kisha Mwalimu Gervas akasimama akasema Bibi atuandikie mambo ya kazini yasije yakapotea. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika najua, na sasa muda ninao. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa sikupewa. Nitasema kazi.

Niliingia pale kama mfagiaji. Wakati huo lile somo halikuwepo. Lilikuja baadaye, kidato cha tano na cha sita, likaitwa Sanaa za Maonyesho, na wazazi hawakulielewa. Mzee mmoja alitoka Kaliua kuja kumtazama binti yake, akamkuta uwanjani kajitupa chini anamlilia mume. Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule.

"Mwanangu nimemleta asome. Kulia alikuwa anajua tangu siku aliyozaliwa, tena bila mwalimu."

Mkuu akamweleza kwamba hilo ni somo kama masomo mengine, lina mtihani, na mtoto anaweza kwenda nalo chuo. Mzee hakuridhika.

"Sasa akifeli? Ina maana hajui kulia?"

Hajajibiwa mpaka leo.

Somo lilitaka nguo za kuigizia, ndizo hizo maleba, na nguo zilitaka mtu wa kuzilinda wanafunzi wasizivae kwenda nazo mjini. Walimu walikuwa wamesimama wanatazamana. Mimi nikapita na ndoo. Hivyo ndivyo nilivyoipata kazi. Chumba walichonipa kilikuwa cha majembe, na mpaka leo mvua ikinyesha kinanuka udongo wa shamba. Kwa hiyo fungua dirisha kila asubuhi. Nafthalini weka kwenye pembe, usiweke mifukoni, watoto huzila wakidhani peremende. Ndevu za katani usiziache na gundi, maana tunazibandika kwa uji wa muhogo na mende wanaupenda. Mwaka mmoja mende alitoka kwenye ndevu za sultani katikati ya hotuba, akampanda shavuni, akatembea mpaka kwenye kilemba. Sultani hakupepesa jicho. Alimaliza hotuba yote. Huyo alifaulu, na alistahili.

Kushona nilifundishwa na Mzee Shabani, fundi cherehani wa mjini, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kanzu na makoti ya harusi. Nilimpelekea joho la chifu nililolishona mwenyewe, sindano ndogondogo, imara. Akalitazama kama mtu aliyeletewa samaki aliyeoza.

"Umelishona la kuzikiwa hili. Chifu wa mwaka huu mwembamba. Wa mwakani ukiletewa mnene utafanyaje, utamkata yeye?"

Akanionyesha kushona nyuma kwa mishono mirefu inayofumulika, kitambaa cha ziada kimekunjwa ndani. Alisema nguo ya jukwaani mbele iwe ya mfalme, nyuma iwe ya maskini, kwani watu hawaioni. Mungu amrehemu. Alikuja kutazama mchezo mmoja tu, akakaa pembeni, na muda wote alikuwa anatazama migongo.

Makosa pia yalikuwepo. Damu tulikuwa tunaitengeneza kwa rosela ya kuchemsha, na mwalimu mmoja akaona haigandi vizuri, akaniambia nitie asali. Asali hapa kwetu haina shida kupatikana. Wenye asali nao hawana shida kupatikana. Chifu alichomwa mkuki saa tano asubuhi uwanjani, akaanguka, wananchi wakamlilia, na nyuki wakaja. Marehemu ndiye alikuwa wa kwanza kukimbia. Waombolezaji wakamfuata. Aliyemuua alibaki peke yake na mkuki wake, anaupungia hewani. Tangu hapo damu yetu haina utamu. Usibadilishe.

Sasa niseme la Spesioza, maana najua ndilo Mwalimu Gervas analolitaka. Yeye mwenyewe husimulia kila mwaka na kila mwaka huongeza.

Spesioza alitoka Ulyankulu. Wazazi wake ni wakulima wa tumbaku, na mababu zao asili yao Burundi. Mtoto mwenye adabu, Mkatoliki wa kwenda misa, mwenye akili. Alitaka kuwa mwalimu. Baba yake alimwambia wazi: "Kama haya mambo ya michezo yatakufikisha chuo, sawa. Yasipokufikisha rudi nyumbani, tumbaku haichezi." Kwa hiyo mtoto alisoma. Alikuwa anajua maneno yake, ya wenzake, na ya mwalimu.

Tatizo lake lilikuwa kicheko. Hakikuwa cha dharau. Kilikuwa kama kwikwi, kikimshika hakimwachi. Alipewa kuwa mama ambaye mwanawe kaliwa na simba, akacheka. Akapewa kuwa hakimu, akamhukumu mtu kunyongwa, akacheka, na aliyehukumiwa akacheka, na askari naye. Akija stoo kwangu alikuwa anajificha katikati ya kanzu analia machozi ya kweli, halafu anajikumbuka anavyolia katikati ya kanzu, anaanza tena.

"Bibi Maleba," hilo ndilo jina walilonipa, "mimi nina pepo?"

"Huna pepo. Una mdomo mwepesi. Toka kwenye kanzu zangu."

Mtihani wa vitendo ulipokaribia, Mwalimu Gervas akamwita mbele yangu. Ni kijana, anatoka jasho hata kipupwe.

"Spesioza, mtahini anatoka mbali na anakuja mara moja. Ukicheka mbele yake, umeanguka, na alama za chuo ndiyo basi. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Unacheka nini sasa?"

"Sicheki, mwalimu. Ni uso."

Mchezo wao ulikuwa wa msiba. Mzee mmoja kirangozi, yule aliyekuwa anatangulia msafara wa wapagazi kutoka huku kwenda pwani enzi za pembe za ndovu, amefariki, na wanawe wanagombea ngoma yake. Mwalimu Gervas alikaa na hilo siku kadhaa, mwisho akaja stoo amefurahi. Spesioza atakuwa maiti. Maiti hana sababu ya kucheka. Atalala kwenye jeneza amefunikwa, na baada ya kuzikwa atarudi kama mzimu, aseme hotuba fupi ya kuwapatanisha watoto. Kwa hotuba hiyo ndipo mtahini atampa alama. Hotuba ni fupi, alisema, kicheko hakitawahi kufika.

Mimi nikashona sanda. Hapa nisikilize, Zaituni. Sanda ya kweli haipindwi. Hii niliipinda pindo pande zote, ili malaika na watu wajue ni shuka la mchezo. Tusije tukaitiana vifo.

Mazoezini walilia kwa sauti ndogo ili makoo yasikauke. Siku ya mtihani ndiyo wangelia kikwelikweli. Ukuta wa shule unapakana na nyumba za watu, kwa hiyo Mwalimu Gervas akaenda kwa mjumbe wa mtaa kwa heshima zote, akamwambia siku fulani saa nne kutakuwa na igizo la msiba shuleni, watu wasishtuke. Mjumbe akaahidi kupitisha habari. Akapita nyumba kwa nyumba. Lakini habari ikipita nyumba nyingi hupungua kama sabuni, na ilipofika nyumba za mwisho ilikuwa imebaki hivi: siku fulani saa nne shuleni kuna msiba.

Siku ikafika. Tulikuwa bwaloni, meza zimesogezwa, jeneza katikati, Spesioza ndani yake amefunikwa gubigubi. Mtahini alikuwa mtu mpole wa miwani, hajui mtu hapa, ameketi na kalamu yake. Mkuu wa shule kando yake. Mimi nyuma ya pazia na aproni yangu. Tausi, aliyekuwa mke wa marehemu, akafungua koo. Na mimi nikiwa najua kila kitu, nywele zilinisimama.

Hakijaisha kilio cha kwanza, mlango ukafunguliwa, wakaingia akina mama wa mtaani. Wamefunga kanga viunoni, mmoja na unga, mwingine na mzigo wa kuni, wengine na masufuria. Mtahini akasogeza kiti kuwapisha, akaandika kitu. Wakakaa chini kuzunguka jeneza, wakalia. Kusema haki, walilia vizuri kuliko wanafunzi. Mmoja akamshika Tausi mkono.

"Alikuwa anaumwa, mwanangu?"

Tausi alifundishwa kutotoka kwenye uhusika hata nyumba ikiungua. "Alilalamika kifua, mama, tangu safari ya pwani."

"Pole. Pwani kuna unyevu."

Mtahini akaandika tena. Mwalimu Gervas alikuwa ananipungia mikono kama mtu anayefukuza kuku. Nikatoka nyuma ya pazia niwaombe wale mama watoke taratibu. Ndipo nikasikia sauti mlangoni.

"Nasikia Mnyamwezi amekufa! Nani kamruhusu apumzike?"

Bi Matika. Anauza karanga getini kwetu. Mgogo wa Dodoma, mumewe alikuwa wa reli, wakahamia hapa, mume akafa, yeye akabaki. Kwa asiyejua: babu zetu Wanyamwezi walipokuwa wanapita Ugogo na mizigo, walikuwa wanatozwa hongo ndipo waruhusiwe maji na njia. Wakagombana, wakapigana, mwisho wakachoka, wakaamua kuwa watani. Mpaka leo, Mnyamwezi akifa Mgogo anakuja msibani na ruhusa yake mkononi. Atavaa nguo za marehemu, atamwigiza alivyotembea, atazuia maiti asitoke. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, wakishacheka waweze kula. Na kumkasirikia hairuhusiwi. Ukimfukuza mtani msibani, wewe ndiye umefanya aibu.

Kwa hiyo nilisimama pale na aproni yangu, sina la kufanya.

Alikwenda kwenye jeneza, akachukua kofia ya marehemu na fimbo yake, akatembea bwalo zima ameinama kama ana mzigo. "Huyu alibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Leo mzigo ni yeye! Nani atambeba? Ninyi? Mikono yenu laini hiyo, mnabeba simu tu." Akashusha kikapu chake cha karanga, akamwekea maiti tumboni. "Shika. Mnyamwezi hata akifa asikae bure."

Kikapu kilipanda na kushuka kidogo. Halafu kikatulia.

Hamisi, mtoto mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeanza kuanguka. Alijifunika uso, mabega yakatikisika, akakimbia nje kama mtu aliyezidiwa na uchungu, hakurudi. Tausi akauma kanga. Mtoto wa pili akacheka wazi, mdomo wote. Mmoja baada ya mwingine, kidato cha sita kizima kikatoka kwenye uhusika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto.

Bi Matika akasogea kwenye miguu ya maiti. Akaifunua. Akaitekenya nyayo, taratibu, kama anayetafuta mwiba. "Amka! Umefika Ugogo. Maiti hapiti hapa bila hongo." Nyayo hazikusogea. Akamgeukia mtahini. "Na wewe bwana, ni ndugu wa marehemu? Unaandika nini, urithi? Toa hongo." Akamnyang'anya kalamu mkononi, akaichomeka kwenye nywele. Mtahini akabaki ameshika hewa.

"Bi Matika," nikasema.

"Ahaa! Nyamizi! Nilikuwa nakungoja wewe." Akanitazama toka juu mpaka chini, na nikajua kinachokuja.

Akachukua fimbo akaifanya funguo. Akainua kidevu. Akakaza midomo. Akatembea mbele ya watu wote, kisigino kwanza, funguo zinagonga paja, akasimama juu ya maiti, akasema kwa sauti ya puani: "Nani amekalia kanzu yangu? Toka kwenye kanzu zangu! We maiti, umelala hapo kwa ruhusa ya nani? Shuka limeandikishwa hilo!"

Bwalo lilipasuka. Akina mama waliangukiana. Mwalimu Gervas alikaa chini sakafuni. Mkuu wa shule alivua miwani akafuta macho. Mtahini alishika tumbo. Mimi sikucheka. Sikuona cha kuchekesha, ila nilikuwa sijui kwamba mimi hutembea hivyo.

Nikatazama jeneza tu. Nilijua kuna kitu kimoja duniani kinachomchekesha Spesioza kuliko vyote, na kitu hicho ni mimi nikigomba. Alishaniigiza mwenyewe nyuma ya mlango wa stoo, nikamsikia. Nikajisemea, basi, mtoto anarudi kwenye tumbaku.

Shuka halikutikisika. Lilikuwa limetulia kama ukuta.

Bi Matika akaliona hilo pia. Akainamisha kichwa. Akatoa kikapu tumboni kwa maiti, akarudisha kofia. "Huyu kafa kweli," akasema. "Nyamizi, toa hongo tumpitishe."

Sikuwa na kitu. Nikafungua funguo kiunoni, nikampa. Tangu nipewe kile chumba hazikuwahi kushikwa na mtu mwingine. Akazipokea kwa mikono miwili, akapisha njia, vijana wanne wakanyanyua jeneza wakamtoa marehemu nje. Na mchezo ukaishia hapo. Wanawe hawakugombea ngoma. Mzimu haukurudi. Hotuba ya Spesioza haikusemwa.

Nje akina mama walikuwa wameshainjika sufuria. Mkuu wa shule alijaribu kuwaeleza kwamba hakuna aliyekufa. Mwenye unga akamjibu, "Hata kama, mwanangu. Maji yameshachemka." Tukala.

Baada ya chakula mtahini akasema anaomba kumwona marehemu. Spesioza akaletwa, macho mekundu, kashika mikono nyuma.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hotuba yako sikuisikia."

"Ndiyo, mwalimu." Midomo ilikuwa inamtetemeka, na safari hii haikuwa kicheko.

"Nimewaona wenzako wote wakitoka kwenye uhusika. Mwalimu wako alitoka. Mkuu wa shule alitoka. Mimi nilitoka, na wala sikuwa nimeingia. Wewe peke yako ndiye uliyebaki." Akatafuta kalamu, hana. "Uliwezaje?"

Spesioza akafungua mdomo ajibu. Akaniona mimi nimesimama kando ya sufuria, kiunoni sina funguo. Basi. Alicheka mpaka akakaa kwenye mawe. Mtahini akamngoja amalize. Hakumaliza.

Bi Matika alinirudishia funguo jioni hiyohiyo, kwa kibaba cha unga. Kalamu alikuwa ameshamrudishia mwenyewe, baada ya mtahini kumwamkia shikamoo mara mbili.

"Ulidhani ni msiba wa kweli?" nikamuuliza.

"Nilijua tangu nilipogusa shuka. Sanda gani ina pindo?"

"Sasa mbona uliendelea?"

"We Nyamizi, nimkute Mnyamwezi kalala kifudifudi au chali nimwache? Utani ni utani."

"Yule si Mnyamwezi. Ni mtoto wa Ulyankulu, wazee wake walitoka Burundi."

Akaweka kikapu chini. "Yaani nimetoa jasho lote lile kwa mtu asiye mtani wangu?" Akafikiri. "Ndiyo maana hakucheka."

Aliondoka akiamini hivyo, na anaamini mpaka leo. Mimi sikumrekebisha.

Matokeo yalipotoka, Spesioza alikuwa na alama za chuo. Baba yake alikuja kutushukuru na mfuko wa karanga, akaniuliza mwanawe alifanya nini hasa kwenye mtihani. Nikamwambia alikufa. Akasema, "Vizuri."

Sasa yuko chuo cha ualimu, na nasikia ataletwa kwenu kwa mazoezi ya kufundisha. Mpokeeni. Darasani atacheka, mwacheni acheke.

Jambo la mwisho, Zaituni. Lile shuka liko rafu ya juu, limekunjwa peke yake. Nililifua kesho yake nyuma ya stoo. Nilipofika upande wa kichwa nikakuta kitambaa kimechanika, na kuzunguka pale penye tundu kuna alama za meno, safu ya juu na safu ya chini, zimezama mpaka nyuzi zimekatika. Nikaketi chini na ndoo yangu. Nikaona ule mwendo wa kisigino kwanza, ule mdomo uliokazwa, na huyu mtoto chini ya shuka anatafuna kitambaa cha marekani ili asirudi kwenye tumbaku. Hapo nikacheka. Nilicheka mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Wewe sindano unaijua, nimekufundisha mwenyewe. Shona chochote humo ndani. Lile tundu usiliguse.